Kaizari hakufia kitabuni

Mwalimu mmoja wa sekondari ananiandikia kutoka Morogoro: "Nikisema 'mchezo wa Shakespeare' wanafunzi wanaguna. Kwao mchezo ni mpira, au ni utani. Wachache wanaandika 'tamthilia', na wengi wanaandika 'kitabu cha Shakespeare'. Tushike lipi?"

Mwalimu, mchezo ni sahihi, na tamthilia ni sahihi. Tamthilia tumeipata kwa Waarabu, nayo ni ndugu wa mithili na methali: jambo linalofananishwa na jingine. Siku hizi televisheni imelichukua neno hilo kwa visa vya kila jioni visivyokwisha, na mimi nimeacha kugombana nalo. Mchezo ni letu tangu zamani, limetoka katika kucheza. Wanaoguna kwamba ni neno jepesi kwa mtunzi mzito, waambie Waingereza wenyewe waligombana hivyo hivyo, kwa kuwa neno lao la mchezo wa jukwaani ndilo la mchezo wa watoto. Mwaka 1616 Ben Jonson, mtunzi wa michezo wa zama za Shakespeare, alikusanya michezo na mashairi yake katika juzuu moja akaiita "Kazi". Akadhihakiwa: mbona kile ambacho wenzako wanakiita mchezo, wewe wakiita kazi?

Kwa hiyo mchezo usimwonee haya mtu yeyote. Linalonichoma ni hilo la tatu, na nashukuru umenipa nafasi ya kulisema.

"Shakespeare aliandika kitabu cha Makbeth." Nimelikuta katika magazeti, redioni, hata katika maswali ya mtihani. Si kweli. Shakespeare alifariki Aprili 1616. Makbeth ilipigwa chapa kwa mara ya kwanza mwaka 1623, wakati wachezaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, walipokusanya michezo yake 36 katika juzuu moja kubwa. Michezo 18 kati ya hiyo ilikuwa haijawahi kuchapishwa. Sasa tazama ile minne tuliyoizoea kwa Kiswahili: Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere, na Makbeth na Tufani, iliyotafsiriwa na Samuel Mushi. Mitatu kati ya hiyo mtunzi wake alikwenda kaburini bila kuiona ikiwa kitabu. Ni Mabepari wa Venisi peke yake uliotoka akiwa hai, mwaka 1600.

Hata waliocheza hawakuwa na kitabu mkononi. Kunakili mchezo mzima kwa kalamu ya unyoya kulikula muda na fedha, basi kila mchezaji alipewa karatasi zenye maneno yake tu, pamoja na maneno machache ya mwisho ya mwenzake ili ajue zamu yake imefika. Yaliyobaki aliyasikia akiwa jukwaani, kama watazamaji. Na vijitabu vya michezo vilivyouzwa mitaani havikuheshimiwa na kila mtu. Mwaka 1612 Thomas Bodley, aliyeanzisha maktaba kubwa ya Oxford, alimkanya mkutubi wake asiijaze maktaba kwa vitu hivyo, maana kwake vilikuwa takataka. Leo sisi twaona kuita mchezo "kitabu" ni kuupandisha cheo.

Nieleze kwa Juliasi Kaizari, maana hapo ndipo kosa hili linapoumiza.

Septemba 21, 1599, msafiri wa Kiswisi aitwaye Thomas Platter alikula chakula cha mchana London, kisha mnamo saa nane akavuka mto Thames na wenziwe. Wakaingia katika nyumba iliyoezekwa kwa nyasi, yaelekea ni Globe, jumba jipya la mwaka huo. Mtazamaji wa kusimama alilipa peni moja. Platter akaona habari za Kaizari zikichezwa na watu wapatao 15. Mchezo ulipokwisha, anasema, wanne wakacheza ngoma kwa ustadi mkubwa, wawili wamevaa kiume na wawili wamevaa kike. (Hao wa kike nao walikuwa wa kiume, kwa kuwa majumba hayo hayakuwa na waigizaji wanawake.) Angalia utajiri tulio nao: walicheza kifo cha Kaizari, kisha wakacheza ngoma. Kitenzi kimoja chatosha kwa yote mawili. Kitabu cha hayo aliyoyaona Platter kilikuja miaka 24 baadaye.

Sasa msikilize mtu aliyezoea "kitabu". Anasimama kwenye mahafali, anasema: "Shakespeare katika kitabu chake anatufundisha kwamba waoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chao." Anapigiwa makofi. Lakini Shakespeare hakusema hivyo. Aliyesema ni Kaizari, na anamwambia mkewe Kalpurnia, asubuhi ya tarehe 15 Machi, mke huyo akimsihi asitoke nyumbani kwa sababu ameota ndoto mbaya. Kaizari anajigamba. Halafu anakubali kubaki. Halafu anakuja Desio, mmoja wa waliokula njama ya kumwua, anaigeuza ile ndoto iwe ya heri, na kumdokezea kwamba huenda leo atavikwa taji. Kaizari anatoka. Kabla mchana haujaisha wamemchoma visu. Watazamaji waliosimama uani walimwona yule aliyewadharau waoga amelala sakafuni. Je, huo ni usia wa ujasiri, au ni majivuno ya mtu anayekiendea kifo chake? Kila mtazamaji aamue. Mwenye "kitabu" hata hajui kwamba kuna la kuamua, kwa maana kitabuni hudhani anayesema ni mwandishi, na mchezoni kila neno lina kinywa kinacholisema na sikio linaloambiwa.

Ndiyo maana nakasirika. Neno hili moja limewafanya vijana wetu wakariri misemo ya wauaji, waongo na wajigambaji wakidhani ni wosia wa Shakespeare.

Kitabu chenyewe sikigombi. Sema "nipe kitabu", sema "kitabu kimechanika jalada", sema Juliasi Kaizari ya Mwalimu ya mwaka 1969 ni kitabu, maana ndivyo ilivyotufikia. Na darasani, mwanafunzi akiandika "katika mchezo huu" au "katika tamthilia hii, Kaizari anamwambia Kalpurnia", mpe alama zake. Akiandika "Shakespeare anasema kwenye kitabu", mrudishie daftari, aandike upya nani anasema, na anamwambia nani.