Kupandikiza vipande tu hakutoshi

Ndugu, umeuliza kwa nini tusivunje tu vipande vya Acropora palmata, yale matumbawe ya Karibi yenye matawi mapana kama pembe, tukavipanda kila mahali. Vinashika kweli, tena kwa tumbawe hukua haraka: sentimita 5 hadi 10 kwa mwaka. Tatizo ni kwamba kipande ni nakala tupu ya mzazi wake. Ukipanda 100 kutoka koloni moja, yaani tumbawe moja zima, umepanda kiumbe kilekile mara 100, na ugonjwa unaokiua kimoja unaweza kuvifagia vyote. Isitoshe, nakala hizo ni shida kurutubishana zenyewe kwa zenyewe.

Ndiyo maana watafiti hukesha baharini siku chache baada ya mwezi mpevu, kwa kawaida Agosti, matumbawe haya yanapoachia mayai na mbegu mara moja tu kwa mwaka. Hukusanya za koloni tofauti, wakarutubisha na kulea watoto kwenye matangi. Kazi ya subira hiyo!

Linaloniuma zaidi ni joto la bahari. Kiangazi cha 2023 kule Florida liliua hata mengi yaliyopandwa kwa miaka, na mengine ikabidi yahamishiwe haraka kwenye matangi ya nchi kavu. Mimi naunga mkono kuchanganya damu: mwaka 2025, karibu na Miami, walipanda watoto waliotokana na wazazi wa Florida na wa Honduras, ambako matumbawe haya huishi kwenye maji yenye joto zaidi.