Usinunue betri ya nne kabla hujapima

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Nina boti ya faiba ya futi 23 hapa Shela, Lamu, na mashine ya nje ya nguvu farasi 75. Naitumia na familia, na mara nyingine na wageni, kwenda kuogelea Manda Toto. Asubuhi nikigeuza ufunguo inawaka bila shida. Tukishatia nanga kwa muda wa saa tatu nne, wakati wa kurudi inalia "tik" tu, na kipima kina kinazimika. Tangu mwaka jana nimebadilisha betri mara tatu. Tena fyuzi ya pampu ya ngama, ile ya kutoa maji chini ya boti, inakatika kila mara. Fundi mmoja kutoka Mokowe ameniwekea ya ampea 30, na asema ikikatika tena ataunganisha waya moja kwa moja. Amenishauri pia ninunue betri ya lori, ya ampea-saa 150. Nichukue aina gani?

JIBU: Aleikum salaam, nahodha. Usichukue yoyote. Hizo pesa ziache mfukoni, na leo hii, kabla jua halijatua, toa ile fyuzi ya 30 kwenye pampu. Mengine yote yanaweza kungoja mpaka kesho, hilo halingoji. Nitafika huko, lakini umeuliza betri, basi tuanze na betri.

Watu wengi huamini kwamba kuwasha mashine ndiko kunakomaliza betri, kwa hiyo mashine ikigoma dawa ni betri kubwa zaidi. Piga hesabu. Tuseme stata yako yavuta ampea 150 kwa sekunde tatu. Hiyo ni kama ampea-saa 0.125 tu (ampea-saa moja ni ampea moja kwa saa nzima), na betri ya ampea-saa 70 haitikisiki kwa hilo. Sasa tuseme mumetia nanga Manda Toto, watoto wako majini, na redio yenye spika kubwa yala ampea 5 kwa saa nne. Hizo ni ampea-saa 20, sawa na kuwasha mashine mara 160. Kama mnapiga muziki au mna friji ndogo ndani ya boti, jibu la nusu ya swali lako ni hilo, na dawa yake ni betri ya pili ya vyombo, iliyotengwa kwa swichi ili ile ya kuwashia isiguswe.

Betri ya lori haikusaidii. Lori lina alternata ya kuijaza. Mashine yako ina koili chini ya gurudumu la juu, inayotoa ampea chache, na ukienda polepole hutoa chache zaidi. Betri ya 150 kwenye boti inayokwenda Lamu mjini na kurudi haitajaa maisha. Na betri ya asidi inayokaa nusu siku zote huota salfeti ngumu kwenye bamba zake, ikafa mapema. Utakuwa umenunua kifo cha polepole, tena cha kilo 40 hivi, ukakiweka tezini, nyuma kule, ambako boti yako tayari imelemewa na mashine.

Lakini umenipa dalili moja inayonifanya nishuku zaidi ya redio: kipima kina kuzimika pale unapogeuza ufunguo. Maana yake volti zinaporomoka wakati stata inavuta. Ama betri imeisha, ama njia ya umeme imeziba mahali ambapo waya wa stata na waya wa kipima kina wanakutana, na mahali hapo mara nyingi ni kwenye vichwa vya betri.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na mita mkononi. Wanaweka mita kwenye betri, inasoma 12.6, wanasema umeme upo. Kisha wanaweka kwenye boliti ya stata, inasoma 12.6 pia, wanasema waya ni mzima, basi stata imekufa. Hapana. Mita haivuti umeme wa maana, na kiungo kilichooza kitapitisha hizo volti vizuri kabisa maadamu hakuna anayevuta. Kiungo chenye kizuizi cha omu 0.02 tu, ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukionyesha sawasawa, kikipitisha ampea 120 kinameza volti 2.4. Betri iliyoshuka mpaka 10.5 wakati wa kuvuta itaifikishia stata 8.1. Hapo utasikia hiyo "tik", na stata nzima itatupwa.

Kwa hiyo pima wakati mzigo unavuta. Kwanza, kabla ya kugusa ufunguo na kila kitu kimezimwa, soma betri. Ikiwa imekaa bila kuchajiwa kwa saa kadhaa, 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 imekwisha. Fanya hivyo hukohuko Manda Toto, wakati wa kurudi, si gatini asubuhi ambapo kila kitu ni kizima. Kisha vua ile kamba ya usalama ili mashine izunguke bila kuwaka, hakikisha gia iko huru, na mtu mwingine ageuze ufunguo kwa sekunde tatu nne. Ncha nyekundu ya mita iguse risasi yenyewe ya kichwa chanya, usiguse kibano. Ncha nyeusi iguse boliti ya stata ambapo waya mnene unafika. Kinachosomwa hapo ni volti zilizopotea njiani. Ikiwa ni chini ya nusu volti, njia ni nzuri. Ikiwa ni moja au mbili, umempata mwizi. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi, kutoka kichwa cha betri mpaka chuma cha mashine, na huko usikubali zaidi ya 0.3. Mwisho soma betri yenyewe, kichwa kwa kichwa, wakati ufunguo umegeuzwa. Ikiwa ilianza na 12.6 halafu ikaanguka chini ya 9.6, basi hiyo betri kweli ni mbovu, na tutazungumza.

Upande wa hasi ndio unaosahauliwa kuliko wote, na sababu yake ni kwamba wengi wanaotushughulikia boti walijifunzia kwenye magari na bodaboda. Gari ni chuma. Fundi akishika boliti yoyote ya bodi amepata hasi. Boti yako ni faiba, haipitishi umeme hata kidogo. Kila taa, kila pampu, kila redio lazima iwe na waya wake wa kurudi mpaka kwenye betri, na waya huo ukioza ni sawa na chanya kuoza. Nimeona fundi akibadilisha swichi, balbu, na waya chanya wote wa taa ya mbele, na waya mweusi uleule wa zamani umebaki chini ya sitaha, umelala kwenye maji ya chumvi.

Ukitaka kuona kuoza kwenyewe, chukua kisu uchane mpira wa waya mahali popote palipozungushiwa tepu nyeusi. Shaba nzima ni ya rangi ya shaba. Hiyo utakayoikuta huenda ni nyeusi kama masizi, na ukiisugua kwa kidole yatoka unga. Endelea kuchana, sentimita kumi, ishirini, na weusi bado upo, kwa sababu maji ya chumvi hupanda ndani ya mpira kati ya nyuzi za waya. Tepu haizuii maji hayo. Huyafungia ndani. Ndiyo maana waya wa boti hupakwa bati, ukiuchana ni wa fedha fedha. Waya wa kufungia nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu, usiuruhusu kabisa kuingia botini. Mtikisiko wa mawimbi ya kusi utaukata ndani ya mpira, na nje hutaona kitu.

Vichwa vya betri visugue kwa msasa mpaka ving'ae, ndani ya kibano pia. Ule unga mweupe na wa kijani uoshe kwa maji ya vuguvugu yenye magadi, bila kuyaacha yaingie kwenye matundu ya betri, kisha suuza, kausha, kaza, na upake grisi juu baada ya kukaza. Tafadhali, hapana kumwagia soda ya chupa. Hiyo ni asidi na sukari, na unaiacha ndani ya boti yenye chumvi. Wala usimruhusu mtu akuongezee asidi kwenye betri ya zamani "kuipa nguvu". Kinachopungua ni maji, huongezwa maji safi ya betri peke yake.

Sasa fyuzi.

Fyuzi haikuwekwa kulinda pampu. Kazi yake ni kulinda waya usiwake moto. Kiwango chake hufuata waya na chombo, na kwa pampu ya ngama kimeandikwa kwenye kibandiko cha pampu yenyewe. Pampu ndogo za boti kama yako huvuta ampea mbili mpaka nne hivi. Zinapoanza kukata fyuzi mara kwa mara, jambo la kwanza ni kuifungua pampu kwa chini na kutazama panka lake. Mara nyingi utakuta mshipi wa kuvulia umezunguka, au kipande cha mfuko wa nailoni, au nywele. Panka likikwama, mota haizunguki, na mota isiyozunguka huvuta ampea nyingi kuliko kawaida. Fyuzi ya kiwango chake hukatika, ikakwambia: njoo unitazame, nimekwama. Hiyo fyuzi yako ya zamani ilikuwa ikikupa habari ya kweli, na jibu lililotolewa lilikuwa kuinyamazisha.

Fyuzi ya 30 itafanya nini panka likikwama? Haitakatika. Mota iliyokwama itakaa ikivuta, tuseme ampea 10 au 15, itaungua yenyewe, na waya mwembamba unaoipelekea umeme utapata moto mpaka mpira uyeyuke. Pampu ya ngama ina kiwashio cha boya, hujiwasha yenyewe usiku boti ikiwa kwenye nanga na mvua ya masika inanyesha, wewe umelala nyumbani. Hakuna mtu wa kusikia harufu. Na ukiunganisha moja kwa moja kama alivyokuahidi, hata hiyo 30 haipo. Betri iliyojaa ikipata shoti hutoa mamia ya ampea. Faiba ikishika moto inaungua vibaya, tangi la petroli liko hatua mbili kutoka hapo, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kulala mle mle kwenye ngama ambamo pampu yako inafanya kazi.

Kwa hivyo sikubaliani na neno "kwa dharura tu". Fyuzi iliyorukwa kwa dharura hairudishwi. Nimefungua visanduku vya fyuzi nikakuta karatasi ya fedha ya sigara, msumari, uzi wa shaba uliopindwa, na mwenye boti hajui vimo humo tangu lini. Boti hizo zinabeba abiria kwenda uwanja wa ndege wa Manda, zinabeba wanafunzi, zinabeba wajawazito wakitoka Pate kwenda hospitali. Watu waliomo hawajui, na katikati ya mkondo hawana mahali pa kukimbilia. Chama cha Marekani cha viwango vya boti, ABYC, kwa kawaida kinataka fyuzi ikae ndani ya inchi 7 kutoka kwenye betri, ila kwa waya mnene wa stata, kwa sababu kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakilindwi na chochote. Sisi tunaziweka mbele kwenye usukani, mita tatu mbali, halafu tunazitoa.

Na kuna huu mtindo wa kugusisha waya chanya na hasi ili cheche ionyeshe kama betri ina nguvu. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche. Mita ya bei rahisi kabisa itakupa jibu sahihi zaidi, na haitakulipukia usoni. Vilevile, usifungue betri mashine ikiwa inazunguka, eti kuona kama "inajichaji". Volti zitaruka juu na kuunguza rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa koili uweze kujaza betri, na utakuwa umejiongezea gharama nyingine.

Rudi kwenye boti yako. Toa hiyo 30, fungua pampu, safisha panka, weka fyuzi ya kiwango kilichoandikwa. Ikikatika tena panka likiwa huru, huenda mota yenyewe inaingiza maji, na hapo ni ya kubadilishwa. Taa za mwendo pia zipime wakati zinawaka: volti zikipungua asilimia 10 njiani, balbu ya kawaida hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake, na usiku kwenye Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, au mlango wa Shela mwenzio hatakuona mapema. Kwenye kisanduku cha boti weka msasa, spana za vichwa vya betri, fyuzi za akiba za viwango sahihi, na ile kamba ya kuzungushia gurudumu la juu, ili siku stata ikigoma mrudi kwa mkono.

Kisha niandikie namba nne: betri ikiwa imetulia mkiwa Manda Toto, betri wakati ufunguo umegeuzwa, volti zilizopotea upande wa chanya, na zilizopotea upande wa hasi. Nikishaziona nitakwambia kama unahitaji betri, na ya ukubwa gani.