Chevelle SS ya 1970: usinunue nembo

Ndugu, umeuliza kwa nini Wamarekani bado wanaililia Chevelle SS 454 ya 1970, toleo la nguvu la gari la Chevrolet, wakati magari mapya yanaipita mbio, na kama uichukue hiyo uliyoiona huko. Raha yake ni mvuto wa chini, yaani nguvu ya kuvuta injini ikiwa bado inazunguka polepole: ikiwa na injini ya LS6, lita 7.4, nguvu za farasi 450, ukikanyaga mafuta tu mgongo unabanwa kwenye kiti. Tena ni kabureta na nyaya chache. Ukifungua boneti kila kitu unakiona. Ichukue, ila Malibu nyingi, yaani Chevelle za kawaida, zimebandikwa nembo za SS, na namba ya chesisi haitakuambia kama ni SS halisi. Dai karatasi ya kiwandani inayoorodhesha vifaa vyake. Mara nyingi hupatikana juu ya tangi la mafuta. Kagua pia kutu chini ya kioo cha nyuma.