Mama ana presha na hataki chakula kisicho na chumvi

Pole dada. Umesema mama ameambiwa ana presha, apunguze chumvi, naye analalamika kwamba mboga zimekuwa kama dawa. Hapa Ujiji tulipitia hayohayo na baba.

Usiikate yote siku moja, atagoma. Sisi tulipunguza kidogo kidogo, ulimi ukazoea baada ya wiki kadhaa. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na humo hesabu kila kitu: mchuzi, mkate, hata vile vidonge vya mchuzi vya dukani, maana sehemu kubwa yake ni chumvi.

Adui wetu mkubwa alikuwa dagaa na migebuka ya chumvi. Loweka kwenye maji ya vuguvugu, mwaga, suuza tena, kisha upike bila kuongeza chumvi. Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi ni bora zaidi kwa presha, muulize muuzaji. Ladha itoke kwenye ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na nyanya. Kikopo cha chumvi mezani kiondoe. Na asikudanganye mtu kuwa chumvi ya Uvinza haina neno kwa sababu ni ya asili; sodiamu, ile inayopandisha presha, ni ileile.

Chumvi mbadala yenye potasiamu msinunue kabla ya kumuuliza daktari, hasa kama figo zina shida. Dawa zake asiache. Kifua kikibana, maneno yakimkwama au upande mmoja wa mwili ukilegea, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.