"Get" si kupata tu: tazama neno linaloifuata

Mkuu, umeuliza kwa nini "I got tired" haitafsiriwi "nilipata uchovu", na kama kuna namna ya kuielewa "get" bila kukariri maana zake zote. Ipo. Usihangaike na "get" yenyewe, tazama kinachokuja baada yake.

Kikija kitu, maana haitoki mbali na kupata. "I got a letter", nilipokea barua. "I got this shirt at Kariakoo", nilinunua. "Get me some water", niletee maji. Hapa wengi hawakwami.

Wanakwama ikifuatwa na neno la hali. Hapo "get" inaonyesha badiliko, kutoka hali moja kuingia nyingine, na Kiswahili badiliko hilo kinalibeba ndani ya kitenzi chenyewe: "get tired" ni kuchoka, "get wet" ni kulowa, "get lost" kupotea, "get angry" kukasirika, "get old" kuzeeka. Kwa hiyo "I got tired" ni nilichoka, yaani uchovu ulinianza. "I was tired" inasema tayari nilikuwa nimechoka. Ukisimulia kwamba ulipanda ngazi mpaka ghorofa ya 6 ukachoka, unaihitaji ile ya kwanza. "Get married" inabeba kuoa na kuolewa pamoja, na mbele yake inakaa "to", si "with". Ile "with" tunaichomoa kwenye "kufunga ndoa na".

Ikifuatwa na mahali ni kufika: "get to Mbezi". Lakini "get home", "get here", "get there" hazitaki "to". Nyumbani tayari ina -ni yake, huwezi kusema "kwenye nyumbani"; "get to home" inasikika hivyohivyo.

Kwenye usafiri, daladala, mwendokasi, treni na pantoni ni "get on" kupanda na "get off" kushuka, hata kama ni kipanya unachoingia umeinama. Bodaboda pia ni "on", kwa kuwa unakaa juu yake. Teksi ni "get in" na "get out". Ukitaka kushuka Ubungo sema "I'm getting off at Ubungo". "I will drop at Ubungo" wapo wanaoisema, ila "drop" ni kuanguka au kuangusha.

Sasa penye makosa mengi kuliko pote. Dada akitoka saluni akasema "nimesuka", hakuna anayedhani amejisuka mwenyewe. Kiingereza hakina huruma hiyo: "I braided my hair" maana yake mikono yake ndiyo iliyosuka. Kama ni msusi, ni "I got my hair braided". Vivyo hivyo "I repaired my phone" inakufanya wewe kuwa fundi, wakati ulichofanya ni kuitengenezesha: "I got my phone repaired". Mpangilio haubadiliki: "get", kisha kitu, kisha kitenzi katika umbo la tatu, kama "broken" katika break, broke, broken. Ukiandika "I got repaired my phone" sentensi imevunjika. Na kama unamtaja aliyefanya, "to" inaingia: "I got the fundi to repair it", nilimfanya fundi aitengeneze. Usiichanganye na "make", ambayo haitaki "to": "I made him pay".

Kuhusu "gotten": Waingereza husema "I've got" kwa nina na kwa nimepata, Wamarekani wanazitenganisha. Kwao "I've got a car" ni nina gari, "I've gotten a car" ni nimepata gari. Kwenye mtihani chagua upande mmoja, usirukeruke.

Barua ya kazi iandike bila "get" nyingi. "I received your letter" inakaa vizuri kuliko "I got your letter", na "obtain" inatosha kwa vyeti na vibali. "Get married" iache kama ilivyo.