Harufu ya kuungua baada ya kumwaga oili: ni kawaida au gari linavuja?

SWALI: Shikamoo fundi. Juzi Jumamosi nilimwaga oili na kubadilisha filta. Gari ni la petroli, injini ya lita 1.8, limetembea kilomita 142,000 na halijawahi kuvuja. Tangu siku ile nikisimama kwenye foleni nasikia harufu nzito ya kuungua. Jana niliona moshi mwembamba ukitokea pembeni mwa boneti, na leo asubuhi nimekuta matone matatu chini. Aliyenifanyia kazi anasema ni kawaida, itaisha yenyewe. Niendelee kuliendesha?

JIBU: Marahaba. Leo usiliwashe gari kabla hujapima oili. Liweke mahali tambarare, injini iwe imepumzika angalau dakika 10, chomoa kijiti cha kupimia, kifute kikauke, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena usome. Kwenye magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja. Kama Jumamosi ulijaziwa hadi alama ya juu na leo kijiti kinasoma nusu, umepoteza karibu nusu lita kwa siku mbili, na hapo hatuzungumzii tena matone yaliyomwagika wakati wa kazi. Ikiwa kiwango kiko chini ya alama ya chini, gari livutwe.

Fundi wako hajakudanganya moja kwa moja. Harufu ya kawaida ipo, na naieleza ili uitambue. Katika injini nyingi filta imening'inia karibu kabisa na egzosi. Ukiifungua inabaki na oili ndani, na hata ukiwa na mkono mwepesi kiasi fulani kitateremka kwenye mabomba au kwenye kava la plastiki lililo chini ya injini. Egzosi ya gari lililo kazini hupita nyuzi 300 za Selsiasi bila shida, na kijiko kimoja cha oili juu yake kinatosha kujaza gari zima harufu. Unaisikia zaidi kwenye foleni kwa sababu gari likitembea upepo unaipeleka nyuma, likisimama inapanda, na feni ya kabini inavuta hewa yake pale chini ya kioo cha mbele.

Lakini harufu ya namna hiyo inapungua kila safari. Baada ya saa moja au mbili za kuendesha inakuwa hafifu, na baada ya siku mbili tatu inapotea. Yako ilianza kama harufu, jana ikawa moshi, leo kuna matone. Inapanda. Kwa hiyo sikubaliani na neno "kawaida", na ningependa yeyote aliyelisema aingie kwanza chini ya gari na taa.

Mahali pa kwanza pa kumulika ni filta, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu nimewahi kuunguza injini ya mtu kwa kosa hili. Miaka yangu ya mwanzo gereji nilifungua filta kuukuu, nikaitupa, nikafunga mpya, nikawasha injini. Palikuwa pakavu. Mwenye gari akaondoka ameridhika. Jioni ile alirudi akivutwa kwa kamba, na injini ilikuwa inagonga kama nyundo. Nilipoifungua ile filta mpya nilikuta raba mbili. Ya zamani ilikuwa imegandia kwenye uso wa injini, nyembamba, nyeusi, rangi moja na uchafu ulioizunguka, na mpya ilikuwa juu yake. Upande mmoja ile ya chini ilikuwa imesukumwa nje kama ncha ya ulimi. Raba mbili zikikaliana zinaweza kustahimili injini ikiwa inaunguruma polepole. Ukikanyaga mafuta, au ukiwasha asubuhi oili ikiwa baridi na nzito, presha inaweza kupita bari 4, na moja inachomoka. Hapo pampu inamwaga oili yote barabarani kwa dakika chache. Tangu siku hiyo filta mpya haigusi injini kabla sijaishika filta ya zamani mkononi na kuiona raba yake imebaki kwake.

Mwombe fundi aifungue filta yako akiwa na taa na kidole, apapase uso wote pale raba inapokalia. Filta sahihi inapakwa oili mpya kidogo kwenye raba, inazungushwa kwa mkono hadi raba iguse, kisha inaongezwa kama robo tatu ya mzunguko. Ikifungwa kwa nguvu za spana raba inajikunja na kuvuja vilevile. Kama gari lako lina filta ya karatasi inayokaa ndani ya kikombe chenye mfuniko wa plastiki, suala ni oringi, ile pete ya raba ya mfuniko: filta mpya huja na oringi mpya, na wengi wanairudisha ile kuukuu au kuiweka kwenye mfereji usio wake.

Inayofuata ni bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini; ndiyo hufunguliwa kumwaga oili. Ina washa, yaani pete laini ya kuzibia, ya shaba au ya alumini, iliyotengenezwa ijibane mara moja tu. Ikirudiwa, huanza kutoa tone moja moja, hasa injini ikiwa ya moto na oili imekuwa nyepesi. Matone matatu kwa usiku mmoja yanafanana sana na hili. Ukarabati wake ni mdogo, ila asiyejua hukimbilia kuikaza zaidi. Sampu nyingi za siku hizi ni za alumini, na magari mengi madogo yanataka bolti hiyo ikazwe kati ya niutonimita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 25 na 45, kadiri kitabu cha gari kinavyosema. Mtu akining'inia kwenye spana ndefu, nyuzi za tundu la bolti zinalika, na tatizo la washa linageuka kuwa tatizo la sampu. Lakini bolti iko chini kabisa, na oili inayotoka hapo mara nyingi inadondoka moja kwa moja bila kugusa egzosi. Kwa hiyo bolti inaweza kueleza matone yako bila kueleza moshi. Usishangae ukikuta makosa mawili kwa pamoja.

Juu ya injini, angalia mfuniko wa kujazia oili. Ukisahaulika au kukaa upande, injini inarusha oili kila mahali chini ya boneti, na inayofika kwenye egzosi inatoa moshi kama huo wako. Hakikisha pia kijiti kimezama hadi mwisho. Halafu kuna gasketi ya kava la valvu, raba inayoziba mfuniko wa juu wa injini. Kwa kilomita 142,000 inaweza kuwa imeanza kukauka muda mrefu, na oili mpya iliyo nyepesi ikapenya pale oili nzito ya zamani ilipokuwa ikijikokota. Hili si kosa la fundi wako, na ni haki kulisema kabla hujamlaumu.

Kama kijiti kinasoma juu ya alama ya juu, usilifurahie. Krankshafti, mhimili unaozunguka chini ndani ya injini, inaichapa oili iliyozidi hadi inatoa povu, povu halilainishi, na presha ya ndani inaisukuma oili kwenye sili na kwenye njia ya hewa. Ila moshi wake hutokea nyuma, wa bluu, si kwenye boneti. Kukiwa na ziada kubwa, lita tatu au nne, uliza swali moja zaidi: je, aliyemwaga alifungua bolti ya injini kweli? Kwenye baadhi ya magari bolti ya giaboksi iko jirani nayo, na wapo waliomwaga oili ya giaboksi kisha wakaongeza oili mpya juu ya ile chafu ya injini. Ukiona oili imezidi sana na bado nyeusi, na gia zinachelewa kuingia, gari lisisogee hata hatua moja.

Kutafuta chanzo si kukisia. Injini ikiwa baridi, safisha eneo lote kwa dawa ya kusafishia breki na kitambaa, toa lile kava la chini ulimwage oili iliyotuama humo, na ukaushe. Usiipulize dawa hiyo kwenye injini ya moto, inashika moto upesi. Kisha tandika boksi safi chini ya gari, washa kwa dakika tano huku mtu mmoja akimulika filta, zima, subiri. Oili huteremka chini na hupeperushwa nyuma, kwa hiyo unyevu mkubwa hauko lazima penye tundu. Fuata alama hadi sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Kama bado haieleweki, pakaza poda ya watoto kwenye sehemu zilizokauka, endesha kidogo, na mchirizi utajichora wenyewe.

Nusa pia kwa makini. Harufu tamu tamu ni maji ya rejeta, ya raba ni mkanda, na ya plastiki ni waya, na huo ni ukaguzi mwingine. Matone nayo yana rangi: kahawia au nyeusi ni oili ya injini, mekundu mara nyingi ni ya giaboksi au usukani.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa njiani, toka pembeni na uzime injini papo hapo, hata kama umebakiza mita mia kufika. Taa hiyo inasema presha imeshaanguka, na beringi zinakauka kwa sekunde. Na moshi ukiwa mzito au ukaona mwanga wa moto, usiinue boneti juu: hewa ikiingia inaulisha moto. Teremsheni watu wote, simameni mbali, ita zimamoto.

Ukirudi kwa fundi, mwambie umekuja kuona filta ikifunguliwa, na umwombe gari liwashwe likiwa bado juu ya stendi, nawe umesimama hapo. Fundi mwema hatachukia. Nikipata kipimo cha kijiti na mahali palipolowa, nitaweza kukuambia kwa uhakika zaidi ni kipi kati ya hivi.