Fundisha kwaya iweze kuimba hata usipokuwepo

Ninawaandikia wadogo zangu, hasa kina mama, mnaoanza kufundisha muziki shuleni huku jioni mkiongoza kwaya katika sharika zenu. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka 22, nikiwa mke na mama wa watoto watatu, na jambo ambalo ningependa mlijue mapema kuliko nilivyolijua mimi ni kwamba mwimbaji aliyezoeshwa kukariri sauti ya mwalimu atamtegemea mwalimu huyo siku zote, lakini aliyefundishwa kusoma nota ana wimbo wake mwenyewe.

Nililijua hilo katika Juma Takatifu la mwaka wangu wa nne kazini. Kwaya ya vijana ilikuwa na waimbaji 28, nami nilikuwa nimewafundisha kila wimbo kwa kuwaimbia mstari ili waurudie, kuanzia sauti ya kwanza hadi besi, mpaka ukawakaa. Siku mbili kabla ya Ijumaa Kuu mwanangu wa pili, aliyekuwa na miezi tisa, alilazwa kwa malaria, nikalala naye wodini. Nakala za wimbo zilikuwa kabatini, zimeandikwa vizuri kwa mkono wangu, ila hapakuwa na aliyeweza kuzisoma. Niliambiwa baadaye kwamba mmoja wao aliuanzisha juu mno, sauti ya kwanza ikakwama katika ubeti wa pili, na wote wakamalizia kwa sauti moja. Hakuna aliyenilaumu, na mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini nilielewa kwamba nilikuwa nimewanyima vijana wale kitu ambacho kilikuwa haki yao.

Baada ya Pasaka tulianza upya na do, re, mi. Mwalimu anayeona nota za herufi, yaani do, re, mi zinazoandikwa d, r, m, kuwa ni za kijijini tu, na kwamba muziki wa kweli ni ule wa mistari mitano, afahamu zilikotoka. Sarah Glover, binti wa kasisi katika mji wa Norwich nchini Uingereza, alizibuni kwa ajili ya watoto aliowafundisha kuimba, akachapisha kitabu cha njia yake mwaka 1835. Ndiye aliyeibadili silabi ya saba, iliyokuwa si, kuwa ti ili isianze kwa herufi moja na so. Mchungaji John Curwen akaiendeleza njia hiyo, na wamisionari wakaileta Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya huko Afrika Kusini, aliitumia alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake ndiyo tunayoiimba Tanzania kama wimbo wa taifa. Kujifunza nota za mistari ni jambo jema, na anayepata nafasi ya kwenda kusoma muziki katika vyuo vya kanisa kama Makumira au Ruhija asiiache, lakini kwa kwaya ya watu 28 yenye kinanda kimoja kibovu, herufi zinatosha kabisa kuanzia.

Usianze na ngazi nzima ya sauti, kuanzia do hadi ti. Anza na so na mi peke yake, kwa sababu watoto wanapoitana uwanjani mara nyingi huimba umbali huohuo bila kufundishwa, kisha ongeza la, halafu do. Tumia mkono: do ni ngumi usawa wa kiuno, mi ni kiganja kilicholala kikitazama chini, so ni kiganja kinachokutazama wewe. Mapigo yafundishwe kwa kupiga makofi kabla ya sauti yoyote, ili mwimbaji aone kwamba nukta mbili hutenganisha pigo na pigo, na kistari humwambia aendelee kushika sauti aliyo nayo. Dakika kumi katika kila zoezi zinatosha. Ukizidisha watachoka na kukimbilia kukariri. Sisi ilituchukua miezi minane kufika mahali pa kuusoma wimbo mwepesi wa sauti nne bila mimi kuwaimbia, na katika miezi hiyo baadhi ya wazee wa kanisa waliuliza kwa nini kwaya haina nyimbo mpya. Vumilieni swali hilo.

Nunueni uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili ambacho kikigongwa hutoa sauti iitwayo A, ya mitetemo 440 kwa sekunde. Mimi ni sauti ya pili, ile ya chini ya wanawake, na kwa muda mrefu niliwaanzishia watoto wa darasa la tatu mahali palipokuwa rahisi kwangu, wakawa wananguruma chini badala ya kuimba. Wimbo ukiandikwa kwamba Do ni G, basi A ya uma ni re. Shuka hatua moja tu, umeipata do, na watoto wataimba panapofaa koo zao. Mvulana ambaye sauti yake inabadilika, kwa kawaida kati ya miaka 12 na 15, asitolewe kwaya wala asichekwe. Mpe nota chache za katikati mpaka itulie.

Kuhusu maneno nina la kusema zaidi, kwa kuwa ndipo kwaya zetu zinapopotea. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na nyimbo nyingi tulizorithi zilitafsiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza, ambako mstari mara nyingi huanza na silabi isiyo na mkazo. Matokeo yake ni kwamba pigo zito linaiangukia silabi ya mwisho ya neno «Bwana», na msikilizaji anasikia neno geni. Ukitunga, soma maneno kwa sauti ukipiga meza, usikie uzito ulipo, ndipo utafute tuni. Paulo aliwaandikia Wakolosai wafundishane kwa zaburi, nyimbo na tenzi za rohoni. Kufundisha huko hakuwezekani kama neno halisikiki.

Ombeni kabla ya kila zoezi, lakini maombi yasiwe kifuniko cha kutojiandaa. Kitabu cha kwanza cha Nyakati kinasema Kenania aliwafundisha Walawi kuimba kwa sababu alikuwa mstadi. Kwa walio wajawazito, pumzi hupungua miezi ya mwisho kwa kuwa kiwambo, msuli wa pumzi ulio chini ya mapafu, husukumwa juu. Gaweni mstari wa wimbo katika vipande vifupi vya pumzi moja moja, wala msijilazimishe. Kubalianeni na kamati ya kwaya saa ya kumaliza, nasi tuliweka saa 12 na nusu jioni, kwa sababu watoto wa nyumbani nao wanahitaji mama anayewasikiliza.

Kuanzia mwaka wa pili, uma wa sauti usikae kwako. Mpe mwimbaji tofauti kila juma, nawe uchelewe robo saa kwa makusudi, ili atoe sauti na kuanzisha mazoezi mwenyewe. Akiuanzisha wimbo chini mno, usimsahihishe mbele ya wenzake. Waache waimbe mstari mmoja, besi watakapokosa pa kushukia watamtazama, naye ataupiga uma tena.